"Badilisha" moja, vitenzi vingi vya Kiingereza: namna ya kuchagua kinachofaa

Swali hili halipiti wiki bila kunifikia. Leo linakuja hivi: "Mwalimu, change na alter zinatofautianaje?" Kesho linapita mlango mwingine: "Nimeandikiwa kwamba the meeting has been brought forward, sasa niende lini?" Keshokutwa dada mmoja anataka kujua kwa nini watu wa mapokezi hotelini hawakumwelewa alipowaambia "I was changed my room". Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake. Sasa naweka majibu mahali pamoja, ili wewe unayeanza upate pa kushika.

Usijilaumu. Ugumu unatokana na utajiri wa lugha yetu. Shina ni moja, "badili", nasi tunalifunga mkia kulingana na haja: badilisha, badilika, badilishana, badilishia, badilishiwa. Kiingereza hakina mikia hiyo. Kazi ambayo kwetu inafanywa na mkia, kwao inafanywa na kitenzi kingine kabisa au na mpangilio wa maneno. Kwa hiyo anayeweka "change" kila penye "badilisha" ataelewana na muuza matunda, lakini kwenye mkataba, barua ya kazi au maelekezo ya kifaa cha umeme anaweza kuumia.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Mkono ukiandika, kichwa kinashika.
- Sentensi kumi za Kiswahili ulizozisema mwenyewe wiki hii, zenye badili, geuza, panga, hamisha, rekebisha, ahirisha au sogeza. Ziwe zako kweli: "Nibadilishie hii noti", "Fundi, nipunguzie kiuno", "Hebu tuvihamishe hivi viti".
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, yenye mifano ya sentensi. Ile ya Kiingereza kwa Kiswahili itakuambia change ni badilisha, alter ni badilisha na modify ni badilisha. Utaifunga ukiwa palepale ulipokuwa.
- Muda wa saa moja hivi. Ukizifanya hatua hizi kwa haraka utarudi kwenye "change" kabla jua halijazama.

Hatua ya 1: Uliza, "Nini kimebaki?"

Hili ndilo swali ninalotaka uondoke nalo hata ukisahau mengine yote. Kabla ya kutafuta kitenzi, usiulize kimebadilika nini. Uliza kimebaki nini.

Nikuonyeshe kwa blenda. Ndugu yako kakuletea blenda kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Wetu Tanzania ni volti 230. Pini zake bapa haziingii kwenye soketi yako, kwa hiyo unakwenda dukani kununua adapta. Unachomeka, unawasha, mota inalia kwa sauti kali, na mara harufu ya waya unaoungua inajaa jikoni. Niliwahi kusimama mbele ya blenda ya namna hiyo moshi ukitoka chini yake. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba adapta "inabadilisha umeme".

Adapta haibadilishi umeme. Jina lake linatoka kwenye "adapt": kukifanya kitu kilekile kikae vizuri mahali pageni. Umbo la pini ndilo lililobadilika, volti zimebaki 230. Alichokihitaji ni kifaa cha ku-"convert", yaani kugeuza kitu kutoka hali moja kwenda nyingine, au transfoma ya kushusha volti. Kwa Kiswahili vyote viwili "vinabadilisha". Kwa Kiingereza, "adapt" na "convert" ndizo zilizotenganisha juisi na moshi.

Hatua ya 2: Zigawe sentensi zako katika mafungu manne

Chora mistari upate vyumba vinne, kisha uziweke sentensi zako kumi kila moja mahali pake.

- Kitu ni kilekile, kimeguswa tu: adjust, alter, modify, adapt, amend, edit.
- Kitu kimekuwa kitu kingine: convert, turn into, transform.
- Kitu kimeondoka, kingine kimekalia nafasi yake: replace, substitute, swap, exchange.
- Vitu ni vilevile, ila mahali au wakati wake umehama: rearrange, move, shift, reshuffle, reschedule, postpone, bring forward.

"Change" inaingia vyumba vyote vinne. Ndiyo maana inakuja haraka mdomoni, na ndiyo maana haimwambii msikilizaji mengi.

Hatua ya 3: Chumba cha kwanza, kuguswa tu

"Adjust" ni kazi ya vidole. Unageuza kidogo kioo cha pembeni cha gari, unapunguza sauti ya redio, unakaza breki za baiskeli. Ukitaka unarudisha ilivyokuwa, na hakuna kilichokatwa wala kuongezwa. Ikifuatwa na "to" na mtu ndiye mtendaji, maana yake ni kuzoea: "She is adjusting to the cold" anasemwa binti aliyehamia Toronto mwezi wa kwanza.

"Alter" iko nyumbani kwa fundi cherehani. Uingereza na Marekani utaona "Alterations" kwenye kibao cha duka lake. Ukiingia na gauni mkononi, maneno utakayoyahitaji ni haya: kupunguza kiuno ni "take in", kuachia mshono ili nguo ipanuke ni "let out", kupandisha pindo ni "take up", kulishusha ni "let down". Gauni linabaki gauni lako lilelile. Ukimwambia fundi "I want to change this dress", anaweza kudhani unataka akupe lingine.

"Modify" inapendwa na mashine, programu na mbegu. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ni "genetically modified", na hapo swali letu linajibu vizuri: yamebaki mahindi, kipande cha vinasaba vyake ndicho kilichoguswa.

"Amend" ni ya sheria, mikataba na hati. Hapa historia yetu inafundisha kuliko kamusi. Katiba ya Tanzania mpaka leo inaitwa Katiba ya mwaka 1977, ingawa mwaka 1984 iliingiziwa haki za binadamu na mwaka 1992 ikafungua mlango wa vyama vingi. Ilikuwa "amended": imerekebishwa, na mwaka wake umebaki. Kenya walifanya jambo jingine. Tarehe 27 Agosti 2010 walizindua katiba mpya na ile ya zamani ikawekwa kando. Hiyo ilikuwa "replaced". Anayeandika kwamba Kenya ilifanya "amendment" mwaka 2010 amewapunguzia Wakenya kazi kubwa waliyoifanya, tena kwa neno moja tu.

"Edit" ni ya maandishi, picha na video. "Revise" inataka uangalifu: Uingereza, na mashuleni kwetu, ni kudurusu kwa ajili ya mtihani, lakini Mmarekani akikuambia "please revise this", anataka ulirekebishe andiko ulilompa.

Onyo: usichanganye "adapt" na "adopt". Herufi moja tu, lakini "adopt" ni kuasili mtoto, au kuchukua jambo la mwingine na kulifanya lako. Nimesahihisha barua ya maombi ya kazi iliyosema "I can adopt to any environment". Mwandishi alikusudia kusema anaweza kuyazoea mazingira yoyote. Tamka a ya mwisho kwa mdomo wazi, kisha uandike ulichokitamka.

Hatua ya 4: Chumba cha pili, kuwa kitu kingine

Hapa huhitaji mengi. "Convert" ni kugeuza kwa kanuni au kwa kipimo: maili kuwa kilomita, hati ya kawaida kuwa PDF. "Turn into" ni ya mazungumzo ya kila siku: maji kuwa barafu, sebule kuwa duka. "Transform" ni kubwa, ni mageuzi ya kiwavi kuwa kipepeo. Usiitumie kwa sababu umepaka ukuta rangi.

Jambo moja la fedha. Ukikokotoa dola 100 ni shilingi ngapi, una-"convert". Ukienda dirishani, ukatoa dola ukapewa shilingi, una-"exchange" au una-"change". La kwanza linafanyika kwenye kikokotoo, la pili kwenye pochi.

Hatua ya 5: Chumba cha tatu, nani ametoka na nani ameingia

"Replace" na "substitute" zinasema jambo lilelile zikitokea pande mbili tofauti. Andika hizi mbili daftarini, moja juu ya nyingine:

"Replace sugar with honey."
"Substitute honey for sugar."

Zote zinasema toa sukari, weka asali. "Replace" inaanza na kinachotoka na kushikwa na "with". "Substitute" inaanza na kinachoingia na kushikwa na "for". Ukizigeuza umempa mtu maelekezo yaliyo kinyume, na kama ni dawa au kemikali badala ya chai, hilo si jambo dogo.

Ukisahau, kumbuka uwanja wa mpira. Namba 9 anatoka, namba 14 anaingia. "Number 9 was replaced by number 14." "Number 14 came on for number 9." Hiyo "for" ya mwisho ndiyo "for" ya "substitute": anayeingia anatangulia.

Onyo: wenye lugha wenyewe siku hizi wengi husema "substitute sugar with honey" wakimaanisha "replace". Kwa hiyo unaposoma, tazama muktadha. Unapoandika wewe, tumia "replace" na hutapotosha mtu.

Kubadilishana kwa watu wawili ni "swap": "Can we swap seats?" Rasmi kidogo ni "exchange", na dukani neno hili lina uzito wake. Kibao kikisema "Exchange only, no refunds", maana yake utapewa bidhaa nyingine lakini pesa yako hairudi. Kisome kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Chumba cha nne, kupanga upya na kusogeza

Viti, vitabu, fanicha: "rearrange". Vitu ni vilevile, mpango ndio mpya. Kitu kimoja kikihama, "move" inatosha, na "shift" ni kusogea kidogo. Tunapochanga karata Waingereza hu-"shuffle", na kutoka hapo kwenye meza ya karata wamepata "cabinet reshuffle", ile ambayo magazeti yetu huandika kwamba Rais amepangua Baraza la Mawaziri. Tazama neno letu lilivyo zuri: panga, pangua. Mkia huo wa -ua unaovunja kilichofanywa, Kiingereza kinautafuta mbele ya neno, kwa "un-" au "dis-".

Sasa wakati. Hapa nakuomba utulie, kwa sababu palinigharimu.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili siku ya Alhamisi. Ijumaa ya wiki iliyotangulia ikaja barua pepe: "The interview has been brought forward to Tuesday." Nikaona "forward", nikasema mbele. Kwetu kikao kikisogezwa mbele kimecheleweshwa, kwa hiyo nikahesabu Jumanne ya wiki ya baadaye na nikafurahi kupata siku za ziada za kujiandaa. Jumanne iliyokuwa karibu, saa tano asubuhi, nikiwa uani nimeinamia beseni la nguo, simu ikalia. "Kaka, tumekusubiri tangu saa tatu." Mikono yangu ilikuwa na povu. Kazi ile sikuipata.

Kwa Kiingereza, kikao kilicho "brought forward" kimewahishwa. Kilicho "put back" au "pushed back" kimecheleweshwa. Ni kinyume kabisa cha tunavyosema sisi, ambao kurudisha tarehe nyuma ni kuiwahisha. Iandike hivi na uibandike ukutani:

- Kuwahisha: "bring forward". Wamarekani husema pia "move up". Ukiwa Muscat au Dubai ofisini na Wahindi utasikia "prepone", nayo ni hiyohiyo.
- Kuahirisha: "postpone", "put back", "push back".
- Kupanga tarehe nyingine bila kusema ni mapema au baadaye: "reschedule".
- Njia salama kuliko zote: "move from Thursday to Tuesday". Taja siku zote mbili, tena na tarehe.

Onyo: saa ya ukutani inafuata njia nyingine. Uingereza, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasema "the clocks go forward", na mishale inaongezwa saa moja, ndipo tofauti yao na Dar es Salaam inaposhuka kutoka saa 3 hadi saa 2. Jumapili ya mwisho ya Oktoba "the clocks go back", inapunguzwa. Kwa hiyo saa ikienda "forward" namba inakua, na kikao kikiletwa "forward" namba inapungua. Wenye lugha wenyewe hujikwaa hapo. Ukipata ujumbe wa namna hii usione haya kujibu kwa sentensi moja: "Just to confirm, is that Tuesday the 14th at 9 a.m.?" Swali hilo halijawahi kumvunjia mtu heshima.

Hatua ya 7: Rekebisha muundo, siyo neno peke yake

Rudi kwenye sentensi zako kumi, utafute zenye -ia na -iwa. Hizi ndizo zinazotoka vibaya zaidi.

"Nimebadilishiwa chumba." Usiandike "I was changed my room". Mwingereza hawezi kubeba mtu na kitu kwa pamoja kwenye "change" namna hiyo, na akisikia "was changed" kwa mtu, linalomjia haraka ni mtoto mchanga aliyevishwa nepi nyingine. Sema "My room was changed" au, iliyo nzuri zaidi, "They gave me a different room".

"Alinibadilishia hela." Ile -ia inakuwa "for": "He changed the money for me."

"Nimebadilishiwa matairi", na ni wewe uliyempelekea fundi gari: "I had the tyres changed." "Had" hiyo inasema kazi imefanywa na mwingine kwa agizo lako.

"Amebadilika." Hapa Kiingereza kinarahisisha: "She has changed." Hakuna "itself" wala "herself". Lakini jihadhari na "change into". "She changed into a red dress" ni kuvaa gauni jekundu. "The caterpillar changed into a butterfly" ni kugeuka kweli.

Mwisho wa hatua hii, zisome sentensi zako za Kiingereza kwa sauti, kisha funika Kiswahili na ujiulize kama mtu asiyekijua angepata picha ileile. Palipo na shaka, rudi hatua ya 1.

Ukikwama

Sentensi haiingii chumba chochote. Tumia "change", lakini taja kilichobadilika: "change the date", "change the colour". "Change" inayofuatwa na jina la kitu ni sahihi. "Change it" ndiyo inayowaacha watu wakitazamana.

Umeandika "change a bus" na umesahihishwa. Kushuka basi moja na kupanda jingine ni "change buses", kwa wingi, kwa sababu mabasi ni mawili. Vivyo hivyo "change trains", "change seats", "change schools".

Umeandika "reorder" na mzigo wa pili umefika. Neno hili lina maana mbili: kupanga upya na kuagiza tena. Kwa muuzaji ni la pili. Ukitaka kupanga, andika "rearrange" au "put in a different order".

Simu inakuuliza "Reset" nawe ulitaka kuizima na kuiwasha. Toka hapo. Kuwasha upya ni "restart". "Reset" hurudisha mipangilio ya mwanzo, na ikiwa imeandikwa "factory reset" inafuta picha, majina na jumbe zote. "Restore" ni kurudisha ulichokuwa umekihifadhi. Kama hukuwa na nakala mahali popote, "restore" haina cha kukurudishia.

Picha imelala ubavu na kila ukibonyeza "flip" haisimami. "Flip" inaigeuza kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia. Unayoitaka ni "rotate", inayoizungusha.

Umeomba chenji umeambiwa "What change?" Chenji ya dukani haitanguliwi na "a". Sema "Do you have change for a twenty?" Ukisema "I need a change", mwenye duka ataelewa kwamba umechoka na maisha ya hapo na unataka kwenda mahali pengine.